Pete ya Kupimia Usingizi: Shahidi au Hirizi?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia usiku tupate kutulia na mchana tupate kutafuta riziki zetu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Mlango wa zaka ya mali ya biashara tuliokuwa tukiusoma tumeuahirisha hadi toleo lijalo, inshallah, kwa sababu ya jambo tulilokutana nalo safarini bara, ambalo tumeona si la Kitale wala la Bungoma peke yake. Pete tutakazozitaja zimekwisha kuingia Mombasa na Malindi, na vijana wetu walio Maskati na Doha huwaletea wazee wao kuwa ni zawadi. Kwa hivyo asidhani msomaji kuwa twamsimulia mambo ya watu wengine.

Tulifika Kitale siku ya Alhamisi, tumealikwa kusomesha darsa mbili baada ya Magharibi. Kitale, kwa asiyeujua, ni mji wa baridi, uko juu kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, karibu na mlima Elgon, na mazungumzo ya watu wake huanza kwa mahindi na kumalizikia kwa mahindi. Hatukujiona wageni. Uislamu wa nchi zile za magharibi ulipandwa Mumias, kwa Nabongo Mumia, na wafanya biashara waliotoka kwetu pwani katika karne ya 19, na hata leo mtu husikia misemo ya kwetu katika misikiti ya huko. Jambo moja tu humsumbua mtu wa pwani, nalo ni jua. Kitale iko magharibi ya Mombasa kwa karibu daraja tano, kwa hivyo alfajiri yake huchelewa kwa dakika ishirini hivi, ikazidi au ikapungua kwa misimu. Na mwenye kuamka kwa mazoea ya Mombasa hukaa gizani na baridi yake akingoja adhana.

Tulikaa hivyo siku ya Ijumaa. Wazee walikuja mmoja mmoja, wamejifunika mablanketi. Tuliyemtarajia hakuja. Naye ni kijana mwenye duka la mbegu na mbolea, mpenda dini, ambaye ndiye aliyetualika na ndiye aliyetulaza nyumbani kwake, na chumba chake kiko ukuta mmoja na chumba tulicholala. Tukadhani ni mgonjwa. Saa mbili ya asubuhi alikuja na chai na mandazi, uso umekunjuka, akatuonyesha pete nyeusi iliyo kidoleni mwake.

Akasema: "Sheikh, nisamehe kwa leo. Pete hii imenifunza mengi. Nikiamka alfajiri yaniambia usingizi wangu ni mbaya, wanipa alama sitini na kitu. Nikilala moja kwa moja hata saa moja na nusu, alama zapanda. Nanyi mmetufunza kwamba mwili una haki yake, na kwamba aliyelala hana lawama. Basi nimeona nisali Alfajiri niamkapo."

Tukanyamaza kitambo. Maneno yake yalikuwa yamevaa nguo za dini kutoka kichwani hata miguuni, na hoja ya namna hiyo haijibiwi kwa ukali.

Maulamaa wa usuli wametufunza kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi tulimtaka atueleze pete hii ni nini, na mengine tukayatafuta baadaye kwa wenye ujuzi. Pete hizi zilianza kujulikana mwaka 2015, pale kampuni ya Oura ya Finland ilipoitangaza ya kwanza. Zikafuata za wengine, kama Ultrahuman ya India, na Samsung ya Korea Kusini iliyotoa ya kwake mwezi wa Julai 2024 kwa bei ya dola 399, nayo ni zaidi ya shilingi elfu hamsini za Kenya. Kwa nje ni pete kama pete, ya madini ya titani, uzito wake gramu chache tu. Kwa ndani, upande unaogusa kidole, mna taa ndogo sana za kijani na nyekundu, na nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho, pamoja na kijicho cha kuupokea mwanga ule urudipo. Moyo unapopiga, damu huzidi katika mishipa ya kidole kisha ikapungua, na mwanga unaorudi hubadilika kwa kadiri hiyo. Basi pete huhesabu mapigo, na nafasi iliyoko baina ya pigo na pigo. Kadhalika ina kipimo cha joto la ngozi, na kifaa cha kujua kama mkono watikisika au umetulia.

Hizo ndizo khabari zake zote. Yaliyobaki ni hesabu. Pete huzipeleka khabari hizo kwenye simu pasipo waya, na programu iliyo katika simu huzilinganisha na za watu waliopimwa zamani, kisha ikasema: huyu alilala saa kadhaa, usingizi mzito ulikuwa kadhaa, na wa ndoto kadhaa. Mwisho humpa mwenyewe alama katika mia, mfano wa mwalimu wa skuli.

Sisi tuliosoma elimu ya hadithi, japo kidogo, hatuipokei khabari kwa sababu aliyeileta amevaa vizuri. Twamuuliza mpokezi: alikuwapo? Aliona mwenyewe au alikisia? Hifadhi yake ikoje? Na huenda mpokezi mmoja akawa mwaminifu katika mlango mmoja na dhaifu katika mlango mwingine. Pete hii ni hivyo hivyo. Katika mapigo ya moyo ya mtu aliyelala, na katika saa ya kulala na ya kuamka, khabari yake hutegemewa kwa kiasi kikubwa. Lakini usingizi mzito na usingizi wa ndoto ni mambo ya ubongo, na madaktari watakao kuyajua kwa yakini humlaza mtu usiku mzima, wakambandika nyaya kichwani, na kandoni mwa macho, na kidevuni. Pete iko kidoleni. Yanayopita kichwani huyakisia kwa moyo na joto na mtikisiko, hata mtu aliyejilaza kimya, macho wazi, akileta adhkari zake, huweza kuandikiwa kuwa amelala.

Na jambo jingine latuhusu sisi wenye ngozi nyeusi khasa. Mwezi wa Disemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza kwamba vile vipima oksijeni vya hospitali vinavyobanwa kidoleni, ambavyo navyo hutumia mwanga, vilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa cha hospitali kina kasoro hiyo, mwenye kununua pete dukani kwa ajili ya kujua oksijeni yake asikate shauri kwa nambari hiyo peke yake.

Alama ile katika mia ndiyo iliyomshika kijana wetu, wala si yeye wa kwanza. Mwaka 2017 wataalamu wa Chicago, wakiongozwa na Kelly Baron, waliandika juu ya wagonjwa waliowajia na hesabu za vifaa vya namna hii, wameshikilia kuwa hawalali vyema, na wasiwasi wa kutafuta usingizi uliokamilika ukawa wenyewe ndio unaowakosesha usingizi. Wakaupa ugonjwa huo jina, othosomnia. Sisi katika vitabu vyetu vya fikihi twaujua ndugu yake kwa jina jingine: ni wasiwasi wa mtu arudiaye udhu mara saba huku sala yampita.

Tukamwambia kijana: "Mwanangu, shahidi wako umemuuliza swali la asubuhi tu. Hebu tumuulize na la usiku." Akafungua simu mwenyewe, kwa ridhaa yake. Katika usiku saba wa wiki ile, minne aliingia kitandani baada ya saa saba ya usiku. Tulipomuuliza sababu alicheka kwa haya. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki huanza saa nne au saa tano ya usiku kwa saa zetu, na zimalizikapo watu hawalali, huanza kubishana katika simu. Basi pete ilikuwa imeshuhudia haki tangu mwanzo. Ilisema kuwa usingizi wake ni mchache. Haikusema kuwa mwizi wake ni adhana. Hilo alilisema yeye.

Tukachukua karatasi, tukapiga hesabu pamoja naye. Nchi zetu hizi za karibu na ikweta zimepewa neema ambayo wengi hatuitambui: usiku wetu haubadiliki sana mwaka mzima. Ndugu zetu walio Uingereza, mwezi wa Juni hupata nafasi ndogo mno baina ya Isha na Alfajiri, na hao kweli wana mashaka ya kuwaulizia maulamaa. Lakini Kitale, Isha huingia kabla ya saa mbili au kama saa mbili, na Alfajiri baada ya saa kumi na moja. Katikati mna saa tisa. Vyama vya madaktari wa usingizi wa Marekani walisema mwaka 2015 kuwa mtu mzima yampasa alale saa saba au zaidi. Mwenye kulala saa nne kasorobo huzipata saa saba na zaidi kabla ya muadhini kukohoa, na bado imembakia zaidi ya saa moja baada ya Isha ya kukaa na watu wake. Na Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Barza, alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Tazama jinsi adabu hiyo ya Madina ilivyolingana na hesabu ya saa saba, ijapokuwa wenye kuihesabu hawakuikusudia.

Kuhusu mwili kuwa na haki, alisema kweli. Twaijua hadithi ya Abdullah bin Amr, na twakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa, pale Salman alipomzuia nduguye asikeshe usiku kucha kwa sala, akamtaka alale kwanza, kisha wakaamka pamoja mwisho wa usiku, na Mtume akayathibitisha maneno ya Salman. Lakini soma kisa mpaka mwisho. Salman alimlaza nduguye apate kuamka. Na khabari ya aliyelala kuwa hana lawama, nayo ni kweli. Mtume mwenyewe na sahaba zake, walipokuwa wakirudi kutoka Khaybar, usingizi uliwachukua wakasali Alfajiri jua limekwisha kupanda. Lakini kabla ya kulala alimweka Bilali akeshe awaamshe, na Bilali akaketi akielekea upande wa mapambazuko, akaegemea mnyama wake, na usingizi ukamshinda. Wale walifanya sababu ya kuamka, ikawashinda. Kijana wetu alifanya sababu ya kutokuamka, ikafaulu.

Kuna aya moja mwishoni mwa Suratul Muzzammil ambayo ilitujia akilini pale pale juu ya chai. Mwenyezi Mungu anataja jinsi Mtume na baadhi ya waliokuwa pamoja naye walivyokuwa wakisimama usiku, karibu ya thuluthi mbili yake, au nusu, au thuluthi. Kisha aeleza kuwa ni Yeye aupimaye usiku na mchana, na kuwa anajua kwamba waja hawataweza kuudhibiti, akawapunguzia. Hatusemi kuwa aya hiyo yakataza kuuhesabu usiku, la, hasha. Twasema kuwa ndani yake mna tulizo kwa mwenye kuamka asubuhi akakuta nambari mbaya. Aliyekusudia kulala mapema akasumbuliwa na mtoto, au na mbu, au na baridi ya Kitale, asiitazame simu yake kama mtu asomewaye hukumu. Achukue usingizi mdogo wa mchana, kailula, ambao wazee wetu wa pwani hawakuuacha mpaka walipoajiriwa maofisini.

Kutoka Kitale tuliteremka kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, tukaingia Bungoma adhuhuri ya Jumapili. Huko tukakuta ugonjwa wa pili, nao ni kinyume cha ule wa kwanza. Kijana wa Kitale pete ilimtia khofu. Mzee wa Bungoma pete ilimtia amani, na amani ile ilikuwa karibu kumwua.

Ni mzee wa miaka sabini na kitu, aliyeadhini miaka mingi, na sauti yake bado ni nzuri. Alipotupa mkono tuliiona pete. Akasema: "Sheikh wangu, mimi sasa sina ugonjwa. Mwanangu wa Doha ameniletea pete ya kulinda moyo." Tukamuuliza dawa zake za presha, kwani twajua tangu safari iliyopita kuwa anazo. Akajibu kuwa ameziacha kwa miezi miwili, maana pete yamwonyesha rangi ya kijani kila asubuhi, na moyo wake ni 62. Mkaza mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na sinia, akatutazama kwa namna ya mtu aliyekwisha kusema asisikizwe.

Tukafahamu kuwa mzee amechanganya vitu viwili, na huenda wako wengi kati ya wasomaji wetu waliochanganya vivyo hivyo, kwa hivyo tuyaeleze wazi. Mapigo ni hesabu ya mara ngapi moyo wapiga kwa dakika. Presha ni nguvu ambayo damu yazisukuma kuta za mishipa. Moyo waweza kupiga mara 62, kwa utaratibu mzuri kabisa, na ilhali mishipa yasukumwa kwa nguvu ya kuipasua. Presha hupimwa kwa ule mkanda ubanao mkono. Pete ya mzee haikuwa na kipimo hicho. Haikusema uwongo juu ya presha yake, kwa kuwa haikusema neno lolote. Yeye ndiye aliyeufanya ukimya wa shahidi kuwa ni ushahidi.

Kwa bahati mtaa ule una mhudumu wa afya ya jamii, mama mmoja apitaye nyumba kwa nyumba. Hawa ni katika wale zaidi ya laki moja nchi nzima ambao serikali ilianza kuwagawia mikoba ya vifaa mwezi wa Septemba 2023, na ndani ya mkoba mna kipimo cha presha na cha sukari. Mkaza mwana akampigia simu, akaja asubuhi ya Jumatatu. Alimketisha mzee, akamtaka asizungumze, akampima, akangoja, akampima tena. Ilikuwa 190 kwa 110. Mama yule hakupiga kelele; alimwambia tu kwa upole, "Babu, leo twende hospitali, si kesho." Na wakati huo huo simu iliyokuwa mezani yasema kuwa mwenyewe yu tayari kwa siku njema.

Tuliporudi kutoka kumsindikiza tulikuwa tukilifikiri neno moja, neno la kulinda. Imepokewa na Imamu Ahmad na Ibn Maja kutoka kwa Imran bin Husayn kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mtu amevaa duara la shaba mkononi, akamuuliza ni la nini, akajibu kuwa ni kwa ajili ya udhaifu wa mwili, akamwamuru alivue, akamwambia kuwa halitamzidishia ila udhaifu. Sanadi yake wanazuoni wameizungumza, na baadhi yao wameiona kuwa ina kasoro, nasi hatuifichi. Lakini maana yake yaungwa mkono na hadithi nyingine juu ya kutungika hirizi. Tofauti ya dawa na hirizi ni kwamba dawa ina sababu ijulikanayo na kujaribiwa, na hirizi haina ila dhana ya mwenye kuivaa. Pete ya kupimia ni ya namna ya tatu, si dawa wala si hirizi: ni mizani. Na mizani haimnenepeshi mtu wala haimkondeshi. Lakini mizani ile ile, mtu akiivaa kwa itikadi kuwa yamlinda, akaacha kwa ajili yake sababu ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia kuwa ni tiba, basi amekwisha kuitoa katika hukumu ya mizani kwa mikono yake mwenyewe.

Na sisi watu wa pwani tusiyasome haya kwa kuwacheka wa bara. Ni kutoka kwetu walikotoka wengi wa wale waliojiita masheikh, wakazunguka miji ya bara na mikoba ya pete za bahati, na pete za majini, na makombe, wakarudi na pesa za watu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alikwisha kutuhimiza katika gazeti lake Al-Islah, lililoanza mwaka 1932, tuchukue kwa wageni elimu yenye manufaa na tuache yasiyofaa. Leo elimu imetujia katika umbo la pete, na baadhi yetu tumeipokea kwa moyo ule ule tuliopokelea pete za majini. Jambo hilo latuuma kuliko mechi za usiku.

Lakini liko baya kuliko hayo, nalo ni la wauzaji. Katika safari hii tuliingia duka moja la simu, tukaonyeshwa pete za bei rahisi, na muuzaji, ambaye ni Mwislamu, akatuambia kuwa zapima sukari pasipo kutoboa kidole. Hilo ni uwongo. Mnamo Februari 2024 idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba ilitoa onyo la wazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ipimayo sukari yenyewe pasipo kutoboa ngozi, na kwamba mwenye kisukari akitegemea nambari hizo akazidisha dawa, huweza kuzimia au kufa katika muda wa saa chache. Twakikumbuka kisa cha Mtume kutia mkono katika fungu la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umaji, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha chini, akamtoa mwenye kughushi katika kundi lake. Watu wa Kitale hawahitaji kufasiriwa kisa hicho; wanajua vyema gunia lenye mahindi makavu juu na mabichi chini. Mwenye kuuza pete ya sukari amelificha bichi chini ya gunia, na atakayelila ni mgonjwa.

Yamebaki maswali madogo tuliyoulizwa pande zote mbili. Mwanamume kuvaa titani hapana ubaya, kwani asili ya vitu ni uhalali, na hata pete ya chuma Imamu Nawawi aliona kuwa si makuruhu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume kwa ijma, na zile zilizopakwa rangi ya dhahabu twamnasihi mwanamume aziache, kwani nyeusi hufanya kazi ile ile. Wakati wa udhu, ikiwa pete imebana, aizungushe maji yapite chini yake. Akina mama waliuliza juu ya programu inayokisia siku za hedhi kwa joto la mwili: kukisia kwa ajili ya kujitayarisha hapana neno, walakini hukumu ya sala na saumu hufuata damu yenyewe kuonekana na kukatika, wala si simu.

Swali la siri ni zito zaidi kuliko walivyodhani waulizaji. Khabari za moyo wako na usingizi wako hazikai kidoleni. Huenda katika simu, na kutoka simu huenda kwa kampuni iliyo nchi nyingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data imezihesabu khabari za afya kuwa ni katika zile nyeti, na mtu ana haki ya kuuliza zatumiwaje. Tulisikia pia ya mume aliyemvisha mkewe pete, akawa akisoma yeye saa ngapi mkewe alilala na saa ngapi moyo ulikwenda mbio. Mwenyezi Mungu amekataza upelelezi katika Suratul Hujurat, wala hakumvua mume katika katazo hilo. Mume huyo na aivue pete ile leo.

Tulipokuwa tukiandika haya tuliletewa salamu kutoka Bungoma. Mzee amerudi katika dawa zake, presha imeteremka ingawa si kwa kiwango atakacho daktari, na mwanawe wa Doha amenunua kipimo chenye mkanda. Pete bado anaivaa. Asema yamhesabia hatua anapokwenda msikitini. Na kijana wa Kitale ametuandikia kwa ukweli tulioupenda, kwamba wiki iliyopita alisali Alfajiri kwa jamaa siku tano kati ya saba, na zile mbili zilikuwa ni za mechi. Tumemjibu kuwa tutafika tena mfungo mosi, inshallah, na atuwekee chumba kile kile kilicho ukuta mmoja na chake.

Wabillahi tawfiq.